Su, sudo, doas au run0: jinsi ya kuchagua na kupanga njia ya kupata mamlaka ya msimamizi kwenye Linux

Waulize watumiaji watano wa Linux wanapataje mamlaka ya root, yaani akaunti ya msimamizi mwenye mamlaka yote, na huenda ukapata majibu matano yanayotetewa kwa nguvu zote. Aliyeanza na Debian, mojawapo ya distro (aina mbalimbali za Linux), miaka ya nyuma huandika `su -` na kumaliza kazi zake zote humo. Aliyeanzia Ubuntu hajawahi hata kuwa na nenosiri la root, kwa sababu tangu toleo la 4.10 la Oktoba 2004 akaunti hiyo huja imefungwa na kazi hufanywa kwa `sudo`. Mtu wa Alpine atakwambia `doas` inatosha. Siku hizi yupo pia anayesema vyote hivyo vimepitwa na wakati, tumia `run0`.

Kila upande una sababu zake, na nitazieleza. Ila kabla ya kuchagua, jiulize jambo moja: mashine hii inashikwa na watu wangapi? Kompyuta ya mtu mmoja nyumbani, seva ya ofisi yenye mafundi watatu na maabara ya shule yenye mwalimu mmoja anayehitaji kuwasha upya huduma ya printa hazifai kupangwa kwa namna moja. Msimamo wangu ni kwamba watu wakizidi mmoja, nenosiri la root lisizunguke kati yao hata kidogo. Kila mtu aingie kwa jina lake, aombe mamlaka kwa nenosiri lake, na mashine iandike alichofanya.

Katika mifano yote mtumiaji wetu anaitwa `asha`. Weka jina lako mahali pake.

Hatua ya 1: Jua mashine yako imepangwaje sasa

Fungua terminali, andika:

```
id
sudo -l
```

Amri ya kwanza inaonyesha vikundi ulivyomo. Kwenye Debian na Ubuntu tafuta kikundi kinachoitwa `sudo`. Kwenye Fedora, Arch na jamaa zao tafuta `wheel`. Amri ya pili inakuorodheshea unachoruhusiwa kufanya. Ukiona `(ALL : ALL) ALL`, tayari una mamlaka kamili. Ukiambiwa `Sorry, user asha may not run sudo`, bado hujaruhusiwa. Ukiambiwa amri haipo, basi sudo yenyewe haijasakinishwa.

Jambo la mwisho huwashangaza wengi kwenye Debian. Wakati wa kusakinisha, Debian hukuomba nenosiri la root. Ukiliweka, mtumiaji wako wa kwanza hapewi sudo. Ukiacha nafasi hiyo tupu, root inafungwa na mtumiaji wako anaingizwa kwenye kikundi cha sudo. Watu wawili wenye Debian ileile wanaweza basi kuwa na mashine zenye tabia tofauti kabisa, kila mmoja akidhani mwenzake amekosea.

Kama sudo ipo, angalia pia hali ya akaunti ya root:

```
sudo passwd -S root
```

Baada ya jina, herufi L ina maana nenosiri limefungwa, P ina maana lipo na linafanya kazi.

Hatua ya 2: Chagua

`su` ndiyo kongwe kuliko zote. Ilikuwepo kwenye Unix ya kwanza ya 1971. Inakuuliza nenosiri la yule unayetaka kuwa, yaani la root. Uzuri wake ni urahisi. Ubaya wake ni kwamba kila anayehitaji mamlaka lazima alijue nenosiri hilo, na siku mmoja akiondoka inabidi libadilishwe na wote walijifunze upya.

`sudo` ilizaliwa takriban 1980 katika chuo kikuu cha SUNY kule Buffalo, Marekani, kazi ya Bob Coggeshall na Cliff Spencer, kwenye mashine ya VAX-11/750. Yenyewe inakuuliza nenosiri lako mwenyewe, kisha inaangalia kanuni zilizoandikwa ili kuamua kama unaruhusiwa. Imekua ikawa programu kubwa yenye uwezo mwingi, na ukubwa huo ndio lawama yake kuu. Januari 2021 kampuni ya Qualys ilitangaza kasoro iliyopewa jina la Baron Samedit, CVE-2021-3156: mtumiaji wa kawaida aliweza kuwa root hata kama hakuruhusiwa chochote kwenye sudoers, yaani faili ya kanuni za sudo, na kasoro ilikuwa imejificha ndani ya sudo tangu 2011.

`doas` iliandikwa na Ted Unangst kwa ajili ya mfumo endeshi wa OpenBSD, ikatoka na toleo la 5.8 mwaka 2015. Ni ndogo, na faili yake ya mipangilio inaweza kuwa mstari mmoja tu.

`run0` ilikuja na systemd 256, programu inayosimamia huduma za mfumo, mwezi Juni 2024. Hii inafuata njia nyingine kabisa, nitaifikia.

Ushauri wangu: kama ni kompyuta yako peke yako na sudo inafanya kazi, iache ilivyo, nenda Hatua ya 5. Kama ni seva ya watu kadhaa, tumia sudo na upange kanuni kwa uangalifu, kwa sababu hakuna nyingine hapa inayokupa udhibiti wa kina kiasi hicho. Kama ni mashine ndogo yenye msimamizi mmoja na unapenda kuelewa kila mstari uliopo, doas itakufurahisha.

Hatua ya 3: Mpe mtumiaji sudo

Ingia kama root kwanza. Usisahau kistari:

```
su -
```

Kwenye Debian 10 na kuendelea, `su` bila kistari inakuacha na njia za utafutaji za mtumiaji wa kawaida, na `/usr/sbin` haimo. Utaandika `usermod` na kuambiwa haipo, wakati ipo. Kistari kinafungua mazingira halisi ya root na tatizo linakwisha.

Kisha, kwenye Debian:

```
apt install sudo
usermod -aG sudo asha
```

Kwenye Fedora au Arch, kikundi ni `wheel`:

```
usermod -aG wheel asha
```

Ile `a` ndani ya `-aG` ina maana ya kuongeza. Ukiandika `-G` peke yake, asha anaingizwa kwenye kikundi kipya na kuondolewa kwenye vikundi vyake vingine vya ziada, pengine vile vinavyomruhusu kutumia printa au sauti. Isome amri hii mara mbili kabla ya kubonyeza Enter.

Arch ina hatua moja zaidi: andika `EDITOR=nano visudo`, tafuta mstari `%wheel ALL=(ALL:ALL) ALL`, ondoa alama ya reli (`#`) iliyo mwanzoni mwake, hifadhi. Ukiwa na openSUSE, fahamu kwamba kwa miaka mingi sudo yake ilipangwa kuuliza nenosiri la root badala ya la mtumiaji, kwa mstari wa `Defaults targetpw`. Ukiona nenosiri lako linakataliwa huko, anzia hapo.

Sasa asha atoke kabisa kwenye akaunti yake na aingie upya. Kufungua terminali nyingine hakutoshi, maana kikao kilichokwisha kuanza hubaki na orodha ya vikundi vya zamani.

Hatua ya 4: Andika kanuni za sudoers bila kuacha mlango wazi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo mipango mingi huharibika.

Usifungue `/etc/sudoers` kwa kihariri moja kwa moja. Tumia `visudo`, inayokagua sarufi ya faili kabla ya kuihifadhi. Kosa la herufi moja kwenye faili hiyo, katika matoleo ya zamani ya sudo, linatosha kukufungia nje. Na unapoifanyia kazi seva iliyo mbali, acha terminali ya pili wazi ikiwa tayari ndani ya root hadi uhakikishe kwamba kanuni mpya zinafanya kazi.

Afadhali zaidi, usiguse faili kuu. Weka kanuni zako kwenye faili yake ndogo:

```
sudo visudo -f /etc/sudoers.d/maabara
```

Jina la faili lisiwe na nukta. Sudo huruka faili zote ndani ya saraka hiyo zenye nukta kwenye jina, bila kukuambia neno. Ukiiita `maabara.conf`, utakaa ukijiuliza kwa nini kanuni haina athari.

Tuseme asha ni mwalimu, na tunataka awashe upya huduma ya printa tu. Andika:

```
Cmnd_Alias PRINTA = /usr/bin/systemctl restart cups.service
asha ALL=(root) PRINTA
```

Amri imeandikwa kwa njia yake kamili, pamoja na vigezo vyake vyote. Ukiacha vigezo, ukaandika `/usr/bin/systemctl` pekee, umempa asha uwezo wa kusimamisha, kuzima na kuanzisha huduma yoyote, na mtu mwenye uwezo huo ana njia ya kufika kwenye root.

Mitego mitatu inarudi kila mara.

Wa kwanza ni kumruhusu mtu kihariri au programu ya kusoma faili: `vim`, `less`, hata `find`. Inaonekana ni ruhusa ndogo. Lakini ndani ya `vim` mtu akiandika `:!bash` anapata terminali ya root, na `find` ina kigezo cha `-exec` kinachoendesha amri yoyote. Kama mtu anahitaji kuhariri faili moja ya mfumo, mpe `sudoedit`:

```
asha ALL=(root) sudoedit /etc/hosts
```

Hapo sudo inanakili faili pembeni, kihariri kinaendeshwa kwa mamlaka ya asha wa kawaida, kisha nakala inarudishwa mahali pake.

Wa pili ni nyota. Kanuni kama `/usr/bin/cat /var/log/*` inaonekana kuruhusu faili za kumbukumbu peke yake. Kumbe nyota kwenye vigezo inakubali pia nafasi na mikwaju, hivyo `sudo cat /var/log/messages /etc/shadow` inapita, na faili ya manenosiri yaliyofumbwa inasomwa.

Wa tatu ni kukataza kwa alama ya mshangao: `ALL, !/usr/bin/su`, yaani kila kitu isipokuwa su. Hii haizuii lolote. Mtu ananakili programu kwa jina jingine na kuiendesha, au anafungua `bash` moja kwa moja. Orodhesha unachoruhusu. Usijaribu kuorodhesha unachokataza.

Kuhusu `NOPASSWD`, inayoondoa swali la nenosiri: kwa amri moja maalumu inayoendeshwa na hati ya kiotomatiki, sawa. Kwa `ALL` kwenye kompyuta unayovinjari nayo intaneti, hapana. Programu yoyote mbaya itakayoingia kwenye akaunti yako itakuwa root papo hapo.

Sudo hufuata kanuni ya mwisho inayolingana na ombi. Kama ruhusa uliyoiandika haina athari, angalia kama kuna mstari mwingine chini yake unaoifuta.

Angalia pia kikundi cha `docker` kama mashine ina Docker, programu ya kuendesha programu nyingine ndani ya makontena yaliyotengwa. Aliyemo anaweza kufungua kontena lenye diski nzima ya mashine ndani yake na kubadilisha chochote, bila nenosiri na bila sudo kuandika popote. Kumwingiza mtu humo ni kumpa root.

Hatua ya 5: Matumizi ya kila siku

Wageni wengi hukwama palepale mwanzoni: unaandika nenosiri na hakuna kinachoonekana kwenye skrini, hata nyota. Kibodi haijafa. Endelea kuandika, bonyeza Enter. Ukitaka nyota zionekane, ongeza `Defaults pwfeedback` kupitia visudo, mradi sudo yako ni 1.8.31 au mpya zaidi, kwa sababu matoleo ya nyuma yalikuwa na kasoro katika kipengele hicho.

Amri iliyokataliwa kwa kukosa ruhusa huirudii kuiandika. Katika bash andika `sudo !!`, ukiacha nafasi katikati.

Hii nayo huwachanganya hata wazoefu:

```
sudo echo "192.168.1.20 printa" >> /etc/hosts
```

Inakataliwa, kwa sababu alama ya `>>` inashughulikiwa na terminali yako kabla sudo haijaanza, na terminali yako haina mamlaka. Andika hivi:

```
echo "192.168.1.20 printa" | sudo tee -a /etc/hosts
```

Baada ya kuuliza nenosiri mara moja, sudo inakukumbuka kwa muda: dakika 5 kwa mpangilio wake asilia, dakika 15 kwenye Debian na Ubuntu. Ukiondoka kwenye meza kabla ya muda huo, andika `sudo -k` ili isahau.

Unapokuwa na kazi ndefu, `sudo -i` inakufungulia terminali ya root. Watu wengi huandika `sudo su -` kwa mazoea. Inafanya kazi, ila ni programu mbili kwa kazi ya moja. Mimi hupendelea amri moja moja, na sababu yangu iko kwenye kumbukumbu. Amri ya kawaida huandikwa hivi:

```
asha : TTY=pts/0 ; PWD=/home/asha ; USER=root ; COMMAND=/usr/bin/apt update
```

Nani, kutoka terminali gani, akiwa saraka gani, amefanya nini. Ukiingia kwa `sudo -i`, kinachoandikwa ni kwamba asha amefungua bash. Yote yaliyofuata ndani ya saa mbili hayamo.

Ukisakinisha Ubuntu 25.10, fahamu kwamba sudo iliyomo ni sudo-rs, iliyoandikwa upya kwa lugha ya Rust. Mambo ya kila siku ni yaleyale, lakini baadhi ya mipangilio adimu ya zamani haimo. Ile ya awali inapatikana kwa jina la `sudo.ws`.

Hatua ya 6: Ukipendelea doas

Kwenye Debian 12, sakinisha kifurushi cha `opendoas`; kwenye Alpine ni `apk add doas`. Kisha, ukiwa root, andika faili ya `/etc/doas.conf`:

```
permit persist :wheel
```

Kwenye Debian badilisha `wheel` iwe `sudo`. Neno `persist` ndilo linaloifanya ikukumbuke kwa muda mfupi badala ya kuuliza nenosiri kila amri. Maliza faili kwa mstari mpya, kisha ikague:

```
doas -C /etc/doas.conf
```

Isipokujibu kitu, faili haina kosa. Kumruhusu mtu amri moja:

```
permit asha as root cmd /usr/bin/systemctl args restart cups.service
```

Inasomeka kwa urahisi kuliko ya sudoers, na hilo peke yake ni usalama, maana kanuni inayoeleweka ni rahisi kukagua. Utakachokosa ni mbadala wa sudoedit, na hati za watu wengine zilizoandikwa kwa kudhani sudo ipo. Usiiondoe sudo hadi uwe umeijaribu doas kwa kazi zako zote, ukianza na kusasisha mfumo.

Hatua ya 7: Ukitaka kujaribu run0

Andika `systemctl --version`. Ukiona 256 au zaidi, huenda tayari unayo.

Tofauti yake iko hapa. Andika `ls -l /usr/bin/sudo` utaona herufi `s` mahali pa `x`: `-rwsr-xr-x`. Maana yake programu hiyo inaanza na mamlaka ya root bila kujali aliyeiita, ndiyo maana kasoro yoyote ndani yake ni hatari. Hali hiyohiyo ndiyo iliyoiponza `pkexec`, programu nyingine ya kuendesha amri kwa mamlaka ya root, mwezi Januari 2022, ilipofichuliwa kasoro ya PwnKit iliyokuwemo tangu programu hiyo ilipoanza mwaka 2009. `run0` haina herufi hiyo. Inamwomba systemd aanzishe amri yako pembeni, katika mazingira safi, na polkit, huduma ya mfumo inayoamua nani aruhusiwe nini, ndiyo inayokuuliza nenosiri. Ukiwa ndani, rangi ya nyuma ya terminali inageuka kuwa nyekundu hafifu, jambo ninalolipenda sana: macho yanakumbuka uko wapi hata akili ikichoka.

Kwa kompyuta ya mtu mmoja inafaa. Kwa kugawa ruhusa za amri moja moja kwa watu mbalimbali, sudo bado iko mbele.

Hatua ya 8: Amua hatima ya nenosiri la root

Kwenye laptopu, ukishahakikisha sudo inafanya kazi, unaweza kulifunga:

```
sudo passwd -l root
```

Kwenye seva ningefikiri zaidi. Mashine ikishindwa kuwaka na kuingia hali ya dharura, distro kadhaa hudai nenosiri la root, na kama limefungwa unaambiwa tu kwamba akaunti imefungwa. Weka nenosiri refu, liandike, lifungiwe kwenye bahasha ofisini. Kwa upande wa SSH, njia ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali, fungua `/etc/ssh/sshd_config` na uandike `PermitRootLogin no`. Tangu OpenSSH 7.0 ya 2015 root hakubaliwi kwa nenosiri kwa mpangilio wa kawaida, ila kwa ufunguo bado anakubaliwa, na hilo linarudisha tatizo lilelile la kutojua ni nani aliyeingia.

Ukivuruga sudoers kwenye kompyuta yenye mazingira ya picha, jaribu `pkexec visudo` kabla ya kukata tamaa. Ikishindikana, washa mashine upya, chagua hali ya uokoaji kwenye menyu ya GRUB inayoonekana mashine inapowaka, rekebisha ukiwa humo.

Hatua ya 9: Kagua, na mtu akiondoka mwondoe kweli

Soma kumbukumbu mara kwa mara:

```
sudo journalctl _COMM=sudo
```

Kwenye Ubuntu zimo pia katika `/var/log/auth.log`, na kwenye Fedora na Red Hat katika `/var/log/secure` pale rsyslog, programu inayoandika kumbukumbu kwenye faili, ilipo. Debian 12 haiji na rsyslog, kwa hiyo usishangae ukiikosa faili hiyo.

Asha akihama kazi, kumtoa kwenye kikundi ni nusu ya shughuli. Fanya zote nne, kwa mpangilio huu:

```
sudo gpasswd -d asha sudo
sudo rm /etc/sudoers.d/maabara
sudo usermod --expiredate 1 asha
sudo loginctl terminate-user asha
```

Amri ya pili inafaa pale tu faili hiyo inapomhusu yeye peke yake; kama ina wengine, futa mstari wake kwa visudo. Ya tatu inaifanya akaunti iwe imekwisha muda. Amri ya `passwd -l` pekee haimzuii anayeingia kwa ufunguo wa SSH. Ya nne inafunga vikao alivyoviacha wazi, kwa sababu kikao cha zamani bado kinabeba vikundi vya zamani na sudo inaweza kukikubali. Mwisho andika `sudo -l -U asha`, na jibu liwe kwamba haruhusiwi kuendesha sudo kwenye mashine hiyo.